Swali la Tisa

Ngara, Nairobi
Jumatatu, 20 Januari 2025

Kwa Mwalimu Saleha Abdulfatah,

Shikamoo. Hapa Nairobi hatusalimiani hivyo sana, lakini najua huko kwenu ndiyo adabu.

Huenda hunikumbuki. Mwaka juzi ulikuja Westlands kwenye siku ya taaluma ya shule za wasichana. Ulisimama mbele yetu na chupa ya maji ya bahari ukatuuliza tunaona nini ndani. Tukasema hakuna kitu. Ukasema mle ndani kuna viumbe wengi kuliko sisi tuliojaa ukumbini, na kwamba kazi yako ni kuwahesabu. Mimi ndiye niliyebaki nyuma kuuliza kama hao viumbe hulala. Ulicheka, kisha ukanijibu kwa dakika kumi nzima huku dereva wako akipiga honi.

Ulisema pia kwamba anayetaka ushauri akuandikie kwa karatasi, kwa sababu barua pepe unazisoma ukiwa umesimama na kuzisahau ukiketi. Kwa hivyo naandika.

Matokeo yametoka. Nimepata A ya biolojia na B plus kwa jumla. Nataka kusomea biolojia ya bahari na sijui nichague chuo gani. Kuna chuo chenu hapo pwani. Kuna kingine kule Ureno, ambacho kinatoa ufadhili kwa wanafunzi wa Afrika. Kijitabu chao kina picha ya wasichana wamevaa mitungi ya hewa, wako chini kabisa ya maji, wanaandika kwenye vibao. Hiyo picha nimeibandika ukutani. Na kuna baba yangu, ambaye anataka nisomee biokemia hapa Nairobi, mahali ambapo naweza kutembea kutoka nyumbani kwa dakika kumi na tano.

Bahari yenyewe sijawahi kuiona. Usinicheke kwa hilo.

Ungekuwa mimi, ungechagua wapi?

Wako mtiifu,
Kavutha Kiilu


Kilifi
3 Februari 2025

Mwanangu Kavutha,

Marahaba. Nakukumbuka vizuri sana. Ni wewe uliyenifanya nichelewe basi la kurudi huku.

Sikucheki. Nina wenzangu waliozaliwa hatua mia kutoka ufukweni na hawajawahi kuitazama bahari zaidi ya kutupa taka. Wewe umeitazama kwenye chupa ukauliza swali. Hiyo ni bora zaidi.

Sasa, kuhusu vyuo. Usiulize ni kipi kikubwa, uliza utashika nini kwa mikono yako mwaka wa kwanza. Kuna vyuo ambavyo mwanafunzi husoma bahari ubaoni mpaka mwaka wa tatu. Uliza maabara ina hadubini ngapi, na kwa wanafunzi wangapi. Uliza nani atakusimamia. Uliza pia wao watataka nini kwako, maana chuo nacho kinakuchagua.

Chuo chetu ni kidogo. Mimi si profesa, ni mtaalamu wa maabara tu, mwaka wa ishirini na saba sasa. Tuna mikoko mlangoni na tope la kutosha. Lakini hiki cha Ureno, ikiwa wanalipa kila kitu na wanakufundisha kuzamia, mwanangu, nenda. Mimi ningekwenda kama mtu angeniita nikiwa na umri wako. Jifunze kuogelea kuanzia wiki hii.

Nikuulize jambo moja la kawaida: afya yako iko sawa? Kwa kozi za kuzamia huwa wana fomu ya daktari.

Mimi Bi Saleha


Ngara
17 Februari 2025

Bi Saleha,

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika mkunjo. Asante, asante tena.

Nimeanza kuogelea. Mama yangu, Wavinya, ni mpishi kwenye nyumba moja kule Spring Valley. Yule mama mwenye nyumba aliposikia habari zangu alisema bwawa lao halina mtu anayelitumia, niende kila Jumamosi. Mama huketi ukingoni akichambua maharagwe na kuniambia nitoke, midomo imekuwa ya samawati. Yeye hajui kuogelea hata kidogo. Tayari naweza kwenda upana wote wa bwawa bila kugusa chini.

Fomu ya Ureno nimeijaza, nangoja tu sahihi ya daktari. Afya yangu ni nzuri.

Baba bado hataki. Hasemi kwa nini, anasema tu "Nairobi iko na kila kitu." Yeye ni karani wa masjala katika ofisi ya serikali mjini, na nafikiri angependa nami anifunge kwenye faili moja aniweke rafu ya karibu.

Kavutha


Ngara, Nairobi
24 Februari 2025

Kwa Bi Saleha Abdulfatah

YAH: BINTI YANGU KAVUTHA

Rejelea barua yako kwa aliyetajwa hapo juu, ambayo niliikuta mezani. Nilisoma anwani iliyo nyuma ya bahasha. Ya ndani sikuisoma, naomba uniamini.

Mimi ni Kiilu Nzomo, baba yake. Naandika bila yeye kujua.

Kavutha ana kifafa. Kilianza akiwa na miaka minane. Siku moja alikuwa akifua soksi zake za shule kwenye beseni, nami nilikuwa chumba kile kingine nikisikiliza taarifa ya habari. Nilipotoka, uso wake ulikuwa ndani ya beseni. Maji yenyewe hayakuzidi kina cha kiganja. Bi Saleha, mpaka leo mimi sisikilizi taarifa ya habari.

Sasa anatumia dawa na ana miaka miwili bila kuanguka. Daktari Omollo wa Westlands anamwona kila baada ya miezi mitatu. Yeye hapendi jambo hili litajwe, nasi tumezoea kutolitaja. Nadhani hakukuambia.

Ombi langu ni hili. Wewe anakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Mwambie masomo ya bahari hayana kazi, au mwambie chuo chenu kimejaa. Sema lolote. Abaki Nairobi asomee biokemia, jioni awe nyumbani. Na tafadhali usimwambie kwamba nimekuandikia.

Natanguliza shukrani.

Kiilu Nzomo


Kilifi
4 Machi 2025

Kwa Baba Kavutha,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia nikiwa nimefunga, nikaiweka chini, nikaenda kunawa uso.

Nakushukuru kuliko unavyodhani. Mimi kwa mkono wangu mwenyewe nilimwandikia mtoto wako "nenda ukazamie". Lau hungeandika, ningeendelea kumsukuma.

Lakini siwezi kumwambia uongo. Chuo hakijajaa, na kazi zipo. Nikimdanganya leo, siku atakapojua hatakuwa na mtu wa kumwamini, si mimi wala wewe.

Nikuambie lile ambalo nadhani hulijui. Wengi wetu tunaosoma bahari hatuzamii. Mimi sikio langu la kushoto lilitoboka utotoni, na katika miaka yote hii sijavaa mtungi wa hewa hata siku moja. Kazi yangu yote imefanyika kwenye kiti.

Njoo uone hicho kiti. Usimwambie kama hutaki. Njoo uniulize maswali yako yote, uangalie kila mlango. Ukirudi ukiwa bado unasema hapana, sitakubishia.

Saleha


Kilifi
4 Machi 2025

Mwanangu Kavutha,

Kuna jambo nilipaswa kukuambia mwanzo, nikalisahau kwa furaha yangu. Mimi sizamii. Sikio langu halinipi ruhusa. Nilipokuwa mwanafunzi nililia kwa hilo mwezi mzima, nikiona wenzangu wanapanda boti. Kisha mwalimu mmoja akanipa samaki aliyekufa na kisu kidogo, akanionyesha kijiwe kilichomo sikioni mwa samaki huyo. Ukikikata na kukitazama kwa hadubini unaona miduara, na ukiihesabu unajua samaki aliishi miaka mingapi na mwaka gani alishinda njaa. Tangu siku hiyo sikulia tena.

Tuliwahi kuwa na kijana hapa aliyeficha pumu yake ili apande boti. Alipona, namshukuru Mola, lakini mwenzake aliyemfuata chini ili amwokoe alilazwa wiki mbili.

Kama kuna jambo hujaniambia, niambie. Upendo wangu hautapungua. Na bwawani usiingie peke yako, hata kama maji ni mafupi.

Bi Saleha


Ngara
23 Machi 2025

Bi Saleha,

Nimekaa na barua yako siku kumi. Sasa nakuambia.

Nina kifafa. Sikukuambia kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa kwanza kuniona bila hicho kitu. Shuleni nilikuwa "yule wa kuanguka". Kwako nilikuwa yule wa kuuliza kama viumbe hulala.

Kwenye fomu ya Ureno, swali la tisa linauliza: umewahi kuzimia au kupatwa na kifafa? Niliandika hapana. Nilikuwa naenda kumpelekea daktari wa karibu, asiyenijua, aweke sahihi.

Jumamosi ya tarehe kumi na tano nilikuwa bwawani. Barua yako nilikuwa nayo, nikajiambia mama yupo, siko peke yangu. Nilipofika katikati nikasikia harufu. Huwa naisikia kabla, kama nywele zinaungua. Nilijua. Nilielekea ngazini na sikufika.

Mengine nimeambiwa. Mama alisimama, bakuli la maharagwe likaanguka, akaingia majini na viatu vyake na aproni. Mtu ambaye hajui kuogelea. Maji yalimfika shingoni. Alinishika kidevu akakiinua juu akasimama hivyo hivyo, hakuweza kwenda mbele wala kurudi, akihofia kuteleza, mpaka mtunza bustani akaja na fimbo ya kusafishia bwawa.

Nilipofungua macho nilikuwa kwenye nyasi. Mama alikuwa ananifunika na taulo.

"Ni wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Sawa. Kaa tu. Usiongee."

Taulo likateleza, akalirudisha. Nikamwambia, "Mama, baba asijue." Akaendelea kunikausha nywele.

Daktari Omollo ameongeza dawa. Alisema kuzamia sahau kabisa, na kuogelea tu mtu akiwa ndani ya maji kando yangu. Nimechana fomu ya Ureno. Picha pia nimeitoa ukutani.

Nimeamua kujaza biokemia, Nairobi. Baba amenichunga miaka kumi. Siwezi kumfanya asilale miaka mingine minne. Asante kwa vile uliniuliza. Kama hungeuliza ningekuwa nimeenda.

Kavutha


Ngara, Nairobi
1 Aprili 2025

Kwa Bi Saleha Abdulfatah

YAH: ZIARA YANGU YA TAREHE 27 NA 28 MACHI

Nilifika salama. Nyumbani niliaga kwamba naenda semina, na ilikuwa semina kweli, ila mwanafunzi nilikuwa peke yangu.

Nakushukuru kwa mambo haya, na mengine ambayo nimeyasahau kuandika. Ulinipikia wali wa nazi nikala mbele yako, nawe umefunga. Ulinionyesha viti vyote vya maabara na ukaniruhusu nivitikise. Ulinipeleka zahanati ya chuo, na yule muuguzi hakukasirika nilipomwuliza anafanyaje mtu akianguka. Alinionyesha, akamlaza kwa ubavu mwanafunzi mmoja aliyekuja kutafuta dawa ya kikohozi. Yule msichana Rael, mwanafunzi wenu anayekusaidia maabarani, aliniambia kwamba bwenini hakuna anayelala chumba cha peke yake. Hilo ndilo nilikuwa nimekuja kulijua.

Kisha ulinikalisha kwenye hadubini. Sikukuambia nilichohisi. Yule mdudu aliyekuwa kama kioo, moyo wake unaonekana ukipiga. Nimefanya kazi miaka ishirini na mbili kati ya karatasi, nami sikujua kitu kama kile kipo. Nikafikiri, mtoto wangu alikiona hiki akiwa na miaka kumi na sita, kwenye chupa iliyoonekana tupu, na mimi nikamwambia Nairobi iko na kila kitu.

Habari ya bwawa ninayo. Mke wangu aliniambia siku ile ile. Nimekaa kimya nikingoja Kavutha aniambie mwenyewe. Pingamizi langu nimeliondoa, ila sitaki kumsukuma. Akija kuniomba ruhusa nitampa. Naona anajaza fomu ya vyuo wiki hii na anatabasamu, kwa hivyo nadhani amechagua kwenu.

Wako,
Kiilu Nzomo


Kilifi
5 Aprili 2025

Kavutha na Baba Kavutha,

Hii ni barua moja kwenu wawili, someni pamoja mkiwa mmekaa.

Kavutha, baba yako alikuwa hapa kwangu wiki iliyopita, na habari ya bwawa anaijua. Baba Kavutha, binti yako amejaza biokemia kwa ajili yako, na tabasamu unaloliona usoni mwake si la furaha. Nimezitunza siri zenu wote wawili kadiri nilivyoweza. Nisameheni. Mko nyumba moja, na mimi nimekuwa posta kati ya chumba na chumba.

Zungumzeni kabla dirisha la kuchagua vyuo halijafungwa.

Saleha


Ngara
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Bi Saleha,

Tulizungumza. Barua ilifika Ijumaa tarehe kumi na moja, na baba ndiye aliyeileta kutoka posta. Aliifungua mbele yangu, akasoma kwa sauti kama anavyosoma waraka. Alipofika "baba yako alikuwa hapa kwangu" akaendelea kusoma kwa macho tu, kisha akanipa.

"Ulienda Kilifi?" nikamwuliza.

"Nilienda."

"Ukasema semina."

"Na wewe ukasema umefurahia biokemia." Akavua miwani. "Ulikuwa unajaza kwa ajili yangu?"

Nikasema ndiyo. Nikamwambia na habari ya swali la tisa, ambayo hata mama hakuijua. Nilidhani atakasirika. Aliinama akashika kichwa. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia, na sasa pia sina hakika nilimwona, kwa sababu aliinuka akaenda kuweka chai.

Aliporudi alisema, "Mimi nilikuwa nataka ukae karibu ndio nikuone. Lakini hapa nyumbani ulikuwa unanificha. Kule Kilifi umemwandikia mtu humjui ukamwambia ukweli. Sasa karibu ni wapi?"

Mama akasema, "Chai inapoa."

Jumamosi tulienda saiba, kule kwenye kompyuta za kukodi, sote watatu, tukabadilisha chaguo la kwanza. Baba alisoma nambari ya kozi mara tatu kabla hajaniruhusu kubonyeza.

Nimewaandikia watu wa Ureno kuwashukuru na kuwaambia sitaweza, na kwa nini.

Bi Saleha, umenipa chuo, na umenipa baba yangu. Sijui hata nianzie wapi kushukuru, kwa hivyo mama anakutumia mfuko wa maharagwe ya Machakos. Anasema ni mapya, hayajaanguka popote.

Kavutha


Kilifi
28 Septemba 2025

Baba na Mama wapendwa,

Nawaandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu baba anauliza dawa, mama anauliza chakula, halafu mtandao unakatika. Dawa nameza. Chakula kizuri.

Kwanza niwaambie jambo, na msishtuke, limeshapita. Wiki ya pili nilianguka maabarani. Ile siku ya kwanza ya masomo kila mtu alitakiwa asimame ajitambulishe. Nilisema jina, nikasema natoka Ngara, nikasema nina kifafa, nikawaeleza cha kufanya na cha kutofanya. Niliongea haraka sana nikaketi. Hakuna aliyecheka. Jamaa mmoja anaitwa Aqil alinyosha mkono akauliza kama anaweza kuandika, nikasema andika.

Kwa hivyo nilipoanguka walijua. Rael, yule baba aliyemkuta hapa, anayesaidia maabarani, alinilaza ubavu, Aqil akaangalia saa, Bi Saleha akawatoa wengine nje. Dakika mbili na nusu. Nilipoamka walikuwa wamenivulia miwani ya maabara na mtu amenifunika kanga. Nililala mchana mzima zahanati, na kesho yake nikarudi kwenye kiti changu. Samaki wangu alikuwa bado kwenye barafu, ananingoja. Alikuwa na miduara sita.

Hilo ndilo nilitaka mlijue, kwamba limetokea na mimi niko hapa.

Sasa la pili. Jana nimeiona bahari. Najua mtauliza, wiki tatu Kilifi na hukuiona? Kwa mbali nilikuwa naiona, ila sikutaka kwenda kuzurura tu. Nilitaka kwenda kikazi. Bi Saleha alitupeleka asubuhi wakati maji yamekupwa. Nilitarajia mawimbi. Nikakuta maji yameondoka, yamerudi mbali kabisa, na pale chini palipokuwa bahari saa chache kabla pako wazi: nyasi za bahari zimelala kama nywele zilizochanwa, nyota za bahari, kaa wanakimbia. Kila mmoja wetu alipewa fremu ya mraba, uiweke chini, uhesabu kila kilicho hai ndani yake. Nilihesabu mia moja na arubaini na nne kabla ya maji kuanza kurudi.

Baba, asante kwa kuja kuvitikisa viti. Kuna kimoja hapa bado wanakiita cha Mzee Kiilu. Mama, asante kwa kuingia majini. Sijawahi kukuambia kwa maneno, nilidhani unajua.

Nilikuwa nimetembea karibu nusu kilomita ndani ya bahari. Maji yalinifika kwenye fundo la mguu. Rael alikuwa upande huu, Aqil upande ule, kila mmoja ameinamia fremu yake, na hakuna aliyekuwa amenishika mkono.

Binti yenu,
Kavutha